Ubao wa Mawimbi Si Dhambi

Mtu wa Garissa akishuka Watamu kuteleza kwa tiara, swali la kwanza ni, "Kwani kwenu kuna bahari?" Hakuna. Tuko na Tana, nayo hufika bahari pale Kipini bila kuomba ruhusa.

La pili ndilo huniudhi: "Huo ubao si wa tiara."

Nilipoacha chuo nilijichanga na pesa za video, nikanunua ubao wa kawaida wa mawimbi, mtumba. Wanataka ninunue ule bapa, mbele na nyuma sawa, wenye mikanda ya miguu. Maji yakiwa tulivu huo ni mtamu, sikatai. Lakini kusi ikivuma na mawimbi yakisimama kule mwambani, wewe unaburutwa tu na tiara. Wangu una unene wa kuelea na mapezi nyuma. Nikishika wimbi nalegeza tiara, wimbi lenyewe linanibeba.

Ndiyo, ni mwepesi. Kisigino huubonyeza, na ukiruka juu ukatua vibaya unavunjika. Basi siruki! Kugeuka bila mikanda nako lazima ubadilishe miguu. Nimeanguka mpaka nikazoea.

Na anayenihubiria usalama ndiye huyo huyo anayeuza mbao kwa bei ya ng'ombe. Bro, mimi nimekulia karibu na soko la mifugo la Garissa. Bei ya ng'ombe naijua.