Kazi ya Mikono: Kriki inainua, haishiki

Mwezi huu tutaongea juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: kubadilisha mpira wa motokari. Mashofere wengine watacheka na kusema: "Hata hii ni ya kufundishana?" Ngojeni kidogo, baba zangu. Someni mpaka mwisho, kisha mseme.

Siku moja wakati wa mvua, katika barabara ya kutoka Kama, Land Rover moja ilikuwa imebeba watu na mizigo. Mpira wa nyuma ukatoboka pahali penye mteremko mdogo. Shofere akavuta freni ya mkono, akaacha vitesi ya kwanza, akamwambia boi-shofere: "Fanya mbio, mvua inakuja." Kijana akatia kriki juu ya udongo, akapandisha gari, akaondoa mpira. Mara gari ikaanza kutembea yenyewe. Haikuenda mbali, hatua moja tu. Kriki ikalala, na gari ikashuka juu ya mkono wake wa kuume. Kijana yule yuko mzima leo, lakini vidole vitatu havipo tena. Na mkono ule ndio uliokuwa unalisha mama yake na wadogo wake.

Watu waliokuwa pale walisema: "Ni bahati mbaya." Mimi nasema hapana. Kulikuwa sababu, na sababu hiyo inajulikana. Tuitazame.

JUU YA NINI GARI ILITEMBEA?

Katikati ya ekseli ya nyuma mnaona ile chuma ya mviringo kama tumbo. Ndani yake kuna meno yanayogawa nguvu ya mota kwa mipira miwili, wa kushoto na wa kuume. Mafundi wanaita diferensieli. Kazi yake ni kuacha mpira mmoja uzunguke zaidi ya mwenzake wakati gari inapiga kona. Ni kitu kizuri sana. Lakini ukiinua mpira mmoja wa nyuma, ule unaoning'inia unaweza kuzunguka upande huu, na ule ulio chini ukazunguka upande mwingine, hata kama shafti ya kutoka gereboksi imefungwa kabisa. Ndiyo kusema vitesi haishiki tena. Umeiacha ndani, lakini ni sawa na kama haiko.

"Na freni ya mkono je?" Katika gari ndogo nyingi, freni ya mkono inashika mipira ya nyuma. Ukiinua upande mmoja wa nyuma, unabaki na mpira mmoja tu wa kushika gari nzima. Lakini katika Land Rover za zamani, mpaka zile za Defender, freni ya mkono haishiki mipira yenyewe. Inashika shafti. Katika Land Cruiser za zamani sana ilikuwa vilevile. Basi ukishainua mpira mmoja wa nyuma, umeondoa freni kwa mkono wako mwenyewe bila kujua.

Unaona sasa? Shofere yule alifanya alivyofundishwa: freni, vitesi, kriki. Alisahau kitu kimoja ambacho hakiuzwe na ambacho kiko kando ya kila barabara ya kwetu: jiwe la kuzuia mipira. Kriki inainua, haishiki. Jiwe ndilo linaloshika.

Kama gari yako inaweza kuvuta kwa mipira minne, iweke hivyo mbele ya kuinua. Itasaidia. Lakini isichukue pahali pa jiwe.

ZAMANI NA LEO

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa kampuni kubwa. Mwaka 1976 kampuni za machimbo za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa moja, Sominki. Kampuni ilikuwa na garage zake, mafundi wake, na vyombo vyake. Halafu mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia, kazi ikarudi nyuma, na kisha vita vikaja. Leo shofere ni garage yake mwenyewe, na boi-shofere anajifunza kwa kutazama. Akitazama vibaya, atafanya vibaya, na mwenye kumfuata vilevile. Kwa hiyo tuandike hapa kazi hii kwa utaratibu wake. Kata ukurasa huu, uutie ndani ya gari.

UTARATIBU WA KAZI

Kwanza, chagua pahali. Mpira ukitoboka, usisimame palepale kwa haraka. Enda polepole mpaka pahali palipo sawa na pagumu, nje ya njia kama inawezekana. Usisimame ndani ya kona wala nyuma ya kilima, ambapo kamio haiwezi kukuona. Ni bora kuharibu mpira kuliko kuharibu mtu.

Pili, shusha watu wote. Hata mama mwenye mtoto, hata mzee. Wasiketi nyuma ya gari wala mbele yake. Wakae kando, mbali na barabara, upande wa juu kama kuna mteremko. Mtu mmoja akiingia ndani kuchukua mzigo, gari inatikisika, na kriki inasikia.

Tatu, onya wengine. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani yanataka motokari ziwe na chombo cha kuonya, kama ile pembetatu nyekundu. Kama hauna, fanya kama wazee: kata matawi mabichi, uyatie barabarani hatua kama 50 mbele ya gari na 50 nyuma. Usiku tia pia mtu mwenye tochi, asimame kando, siyo katikati.

Ine, zuia mipira. Tia mawe makubwa ao vipande vya mti mbele na nyuma ya mpira ulio upande wa pili wa ule unaobadilisha. Kama unainua nyuma kushoto, zuia mbele kuume, mbele na nyuma ya mpira. Ukiwa na mawe ya kutosha, zuia mipira yote miwili ya mbele. Sukuma jiwe kwa mguu lishike vizuri.

Tano, legeza ekru gari ikiwa bado chini. Zunguka nusu tu, usiziondoe. Wengine wanainua kwanza, kisha wanapigana na ekru yenye kutu gari ikiwa hewani. Kila ukivuta ufunguo, unavuta gari ianguke. Angalisho: katika kamio zingine za zamani, ekru za upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Tazama kichwa cha buloni kama kuna herufi L. Ukilazimisha, utakata buloni.

Sita, tia kriki. Katika matope ya Maniema kriki peke yake inazama kama mwiko ndani ya bugali. Tia mbao nene na pana chini yake. Usitie tofali wala jiwe, maana vinapasuka ghafula chini ya uzito. Kriki isimame wima, ishike chini ya ekseli ao pahali pagumu palipotengenezwa kwa kazi hiyo, siyo chini ya bati.

Saba, mbele ya kuondoa mpira mbovu, chukua mpira wa sekuru uulaze chini ya shasi, karibu na kriki. Kriki ikianguka, gari italala juu ya mpira, siyo juu yako. Ukishaondoa mpira mbovu, laza huo pahali pake, ndipo utoe wa sekuru. Kazi hii inachukua nusu dakika. Na hata hivyo, usitie kichwa wala mwili chini ya gari. Kriki ya mafuta inaweza kushuka polepole ao mara moja, haiombi ruhusa.

Nane, funga ekru kwa mkono kwanza, upande uliochongoka ukitazama ndani kama ni ekru za namna hiyo. Kisha kaza kidogo kwa msalaba: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kuume. Ukikaza kwa kuzunguka tu, mpira utakaa upande. Shusha gari, ndipo ukaze kabisa. Kwa gari ndogo yenye ufunguo wa sentimeta 40, kusukuma kwa uzito wa kilo 25 kunatosha karibu kwa nyingi. Kurukaruka juu ya ufunguo kunakata buloni. Kisha safari kidogo, kabla ya kilomita 50, simama ukaze tena, maana ekru mpya kufungwa zinalegea. Najua kwetu kilomita 50 zinaweza kuwa siku nzima. Basi fanya wakati wa kupumzika kwa mara ya kwanza.

Tisa, ondoa mawe na matawi yako barabarani. Tafadhali! Wangapi wanasahau? Usiku mwenye motopikipiki ao kinga atapita akiwa amebeba mgonjwa, na jiwe lako litamwangusha. Umejiokoa, umemtegea mwenzako.

MPIRA WA KAMIO: HAPA NI KIFO

Mpaka sasa tumeongea juu ya gari ndogo. Kwa kamio kuna hatari ingine, na vijana wa kwado wanaijua ao lazima waijue. Janti nyingi za kamio za zamani si kipande kimoja. Zina duara la chuma pembeni linaloshika mpira usitoke. Duara likiwa na kutu, limepindika, ao halikukaa vizuri ndani ya mfereji wake, wakati wa kutia upepo linaruka kama risasi.

Tufanye hesabu ndogo. Mpira wa kamio unaweza kutiwa upepo wa kilo 7 kwa kila sentimeta ya mraba. Ubavu wa mpira mkubwa una maelfu ya sentimeta za namna hiyo. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya tani 10 zinazosukuma, na kinachozizuia ni duara lile tu. Hakuna kifua wala kichwa cha mtu kinachoweza kusimama mbele yake. Ndiyo sababu mwaka 1980 serikali ya Marekani ilitoa amri kwa garage zote: mpira wa namna hii utiwe upepo ndani ya kizimba cha chuma, na fundi asimame kando, nje ya njia ya duara, akitumia bomba refu.

Kwetu vizimba ni vichache. Lakini mambo haya yanawezekana:

Toa upepo wote mbele ya kufungua duara, toa hata valvu yenyewe. Kama mipira iko miwili-miwili, toa upepo wa yote miwili mbele ya kulegeza ekru.

Usipige duara kwa nyundo mpira ukiwa na upepo. Kama halikukaa, toa upepo wote, anza tena.

Usichanganye duara la janti hii na janti ile. Duara lililopindika ao lenye ufa halitengenezwi kwa moto, linatupwa.

Mbele ya kutia upepo, funga mpira na janti kwa mnyororo mzito, ulaze duara likitazama chini. Tumia bomba refu, usimame mbali. Usiketi juu ya mpira, usiinamie kusikiliza kama upepo unatoka.

Na watoto? Wafukuzeni mbali. Kule sokoni na karibu na machimbo, pahali pa kwado ni kama sinema kwa watoto. Mama akimtuma mtoto kununua chumvi, amwambie asipite karibu na mpira unaotiwa upepo.

VYOMBO VYA KUBEBA

Mwenye gari, usinunue sahani ya redio mbele ya kununua hivi: kriki yenye nguvu inayopita uzito utakaoinua (tani zake zimeandikwa juu yake), ufunguo unaoshika ekru zako bila kucheza, mpira wa sekuru wenye upepo, mbao nene ya kutia chini ya kriki, na vipande vinne vya mti vilivyokatwa kama kabari. Seremala wa mtaa atavikata kwa muda mfupi, na mti haupungui katika Maniema. Kila mwezi angalia kama mpira wa sekuru bado una upepo. Wengi wanabeba sekuru iliyokufa kutoka Kindu mpaka nyumbani.

Na wewe kijana boi-shofere, najua shofere ndiye mkubwa, na ni vigumu kumkatalia. Lakini unaweza kusema kwa heshima: "Baba, niache nitie mawe kwanza, kisha nitafanya mbio." Hakuna baba mwenye akili atakayekasirika. Na wewe shofere, kijana huyo amepewa kwako na wazazi wake. Walikupa mwenye vidole kumi, umrudishe na vidole kumi.

Siku ya mapumziko, gari ikiwa tupu na pahali palipo sawa, fanyeni zoezi pamoja: shofere, boi-shofere, hata mama na vijana wa nyumbani. Mbadilishe mpira mzima kwa utaratibu huu, bila mbio. Mkishajua mkiwa hapo nyumbani, mtajua pia katika mvua na giza.

Mwezi ujao, kama tuko wazima, tutaongea juu ya freni zenyewe. Safari njema.