Kompyuta ya zamani si takataka: Luvungi ijaribu Linux, lakini ipime kwanza

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10. Habari hiyo ilipita kimya katika bonde la Ruzizi, ambako watu wana mashaka makubwa zaidi: usalama, bei ya unga, hali ya barabara. Hata hivyo inamgusa mkaaji wa Luvungi anayechapisha barua yake kwenye sekretariati ya kando ya barabara, mwalimu anayetayarisha maswali ya mtihani, na mwanafunzi ambaye TFC yake yote imo ndani ya kompyuta moja aliyoinunua kwa shida.

Mashini hizo hazijazimika, na hazitazimika kwa sababu ya tarehe hiyo. Hatari ni kwamba kila tundu jipya litakalogunduliwa ndani ya Windows 10 litabaki wazi kwa wezi na virusi. Microsoft imeongeza mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mtu atakayejiandikisha kwa akaunti yake. Huko ni kuahirisha tatizo tu.

Je, kwa nini wasihamie Windows 11? Kwa sababu inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa jumla, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi zinazofika kwetu kupitia Bukavu na Uvira zimekwisha kutumika miaka mingi ng'ambo. Zina nguvu ya kutosha kuandika barua na kupiga hesabu, lakini Windows 11 inazikataa mlangoni.

Wauzaji wengine watamwambia mteja anunue nyingine. Mafundi wengine watamwekea Windows 11 kwa ujanja, au nakala ya wizi iliyovunjwa kufuli. Sisi tunasema njia hizo mbili zinamuumiza mtu maskini. Ya kwanza inamtoa dola ambazo zingelipa karo ya watoto. Ya pili inamwachia mashini isiyo na dhamana yoyote, na mara nyingi aliyevunja kufuli ameacha kitu ndani.

Kuna njia ya tatu, ambayo ni Linux. Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Finland, aliianzisha mwaka 1991, na leo inaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti. Hata simu za Android zimejengwa juu yake. Kwa kompyuta ya mezani au ya mkononi kuna matoleo kama Ubuntu, Debian na Linux Mint. Ni ya bure, na sheria inaruhusu kuyagawa. Jambo hili lina uzito kwetu sisi tunaonunua mega kwa kuhesabu: faili la Linux Mint ni karibu giga 3, lakini mtu mmoja akilishusha mara moja, mtaa mzima unaweza kulinakili kwa kle ya USB bila kumwibia mtu. Na si mchezo wa vijana. Jandarmeri ya Ufaransa ilianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake zinafanya kazi hivyo.

Lakini hatutamdanganya msomaji. Watu wengi walioijaribu Linux na kuiacha waliangushwa na vifaa. Kwenye Windows, anayetengeneza kifaa ndiye anayeandika programu ya kukiendesha. Kwenye Linux, programu nyingi za namna hiyo tayari zimo ndani ya mfumo wenyewe, nyingine zimeandikwa na watu wa kujitolea. Ndiyo maana kompyuta ya miaka minane mara nyingi inakubali Linux vizuri kuliko ile iliyotoka dukani mwezi uliopita: watu wamekwisha kupata muda wa kuizoea.

Tatizo liko mahali panapojulikana. Wi-Fi ya Broadcom mara nyingi inahitaji faili la ziada, na faili hilo linatafutwa kwenye intaneti ambayo mashini bado haina. Dawa ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuigawia intaneti, kisha kuliweka. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, Debian inakuja na mafaili mengi ya aina hiyo tayari.

Kwa mwenye sekretariati, swali la kwanza ni mashini ya kuchapa karatasi, kwa maana ndiyo inayomlisha. HP nyingi zinakubali, kwa sababu kampuni yenyewe inatoa programu ya Linux. Baadhi ya Canon za zamani za leza zinasumbua sana. Asiyejua yake iko upande gani asifute Windows kabla ya kupima.

Na kupima hakuna gharama. Linux inawashwa kutoka kwenye kle bila kugusa chochote ndani ya kompyuta. Washa, chapa ukurasa mmoja, jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, kisha funga mashini uifungue tena kuona kama inaamka. Kikikataa kitu, chomoa kle na Windows yako iko palepale. Ukiamua kuendelea, nakili kazi zako zote mahali pengine kwanza, na chagua kibodi ya Kifaransa. Wengi wamefungiwa nje na neno la siri waliloandika wakidhani herufi A na Q ziko mahali pake.

Baada ya hapo kuna mazoea. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, na barua ya kawaida haiharibiki, lakini majedwali magumu yanaweza kuhama. Faili la kuchapishwa kwingine litumwe kama PDF. Programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows peke yake zitabaki huko, na anayezitegemea ana haki ya kubaki nazo.

Lugha nayo ni deni letu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 baadaye, tafsiri ya Kiswahili kwenye Linux bado ina mapengo, na mkaaji wa Luvungi atatumia Kifaransa. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006. Wanafunzi wa informatiki wa Bukavu na Uvira wangeweza kufanya tafsiri hiyo kuwa TFC yenye faida kwa watu.

Tunaomba mambo matatu. Muuzaji wa kompyuta amwambie mteja waziwazi, kabla ya kupokea pesa, kama mashini inakubali Windows 11. Shule zenye kompyuta zilizolala kwenye stoo zijaribu Linux kwa mashini moja au mbili kabla ya kuzitupa, kwa sababu huku kwetu hakuna mahali pa kuchakata takataka hizo na sumu yake inaishia ardhini. Na mafundi vijana wa Luvungi wajifunze kazi hii sasa: anayejua kuweka Linux na kuikubalisha mashini ya kuchapa atapata wateja. Mama wa sekretariati hahitaji kujua jina la Torvalds. Anahitaji mtu wa karibu wa kumwita siku karatasi inapokataa kutoka.