Muzee Anapoamka Kwenda Kazini

Safu ya Odile Ngoie

Hapa Ruashi, mjini Lubumbashi, ziko parseli ambamo baba wa miaka themanini anaamka usiku wa manane, anavaa viatu na kushika njia. "Naenda ku kazi," anasema. Binti yake akimjibu kwamba kazi iliisha zamani, baba anawaka hasira, maana machoni pake huyo binti ndiye anayemchelewesha. Majirani waliomkuta akizunguka gizani hawaulizi mengi. Kwao amekwisha kuwa mulozi, yaani mchawi.

Akiwa ni mama mjane, neno hilo linamfikia haraka zaidi, na mara nyingine anayelitamka ni mchungaji. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya ulinzi maalumu kwa mahitaji ya mwili, akili na roho, lakini uchawi hakiutaji. Nataka wabunge wa Haut-Katanga wadai kwamba mzee naye atajwe waziwazi kama mtoto alivyotajwa.

Anachougua baba yule kina jina: demensia. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, mwaka uleule kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa. Kwa kawaida ugonjwa huo unaanza kwa kula kumbukumbu za karibuni. Chakula cha asubuhi kinasahaulika, na ujana unabaki. Mzee wa miaka themanini huenda aliajiriwa Union Minière ikiwa bado ipo, kabla serikali haijaitwaa mwanzoni mwa 1967, kisha akaendelea Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi. Kampuni ilimpa nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto. Watu waliiita baba na mama. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwaka huo baba ameusahau. Anachokumbuka ni zamu ya asubuhi.

Basi kumtunza ni kumfuata huko aliko. Kumbishia kunamtesa bure. Muulize alikuwa serivisi gani, nani alikuwa kapita wake, siku ya posho mama alipika nini. Tembea naye mpaka kona ya avenyu, mkizungumza, kisha mrudi pamoja. Mwekee nyimbo za gitaa za Jean-Bosco Mwenda, au zile za kwaya ya ujana wake. Nimeona mtu asiyetambua wajukuu wake akiimba ubeti mzima bila kukosea.

Kwa hiyo nasema historia ya mji huu ni chombo cha matunzo. Maprofesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki walianzisha Mémoires de Lubumbashi mwaka 2000, wakakusanya masimulizi na vitu vya nyumbani vya wakaaji. Kazi ya namna hiyo ingeingia sasa kwenye vyumba vya wagonjwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakae na familia, waandike kitabu kidogo cha maisha ya kila mzee: majina, picha, kambi aliyoishi, nyimbo. Mjukuu aliyezaliwa baada ya 2003 atajuaje la kumuuliza babu yake bila hicho?

Hospitali pia ina nafasi yake, na mapema. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaropoka apelekwe siku hiyohiyo, kwa maana malaria, maambukizi au sukari vinaweza kumvuruga hivyo, na vinatibika. Anayesahau polepole apimwe damu, dawa anazokunywa zikaguliwe, na masikio yake pia. Waliozeeka karibu na mashine za kiwandani wengi hawasikii vizuri, na asiyesikia hudhaniwa amepoteza akili. Zaidi ya hayo, wataalamu wanahesabu uziwi kati ya mambo yanayoongeza hatari ya demensia yenyewe. Hapa mjini iko Centre Joseph Guislain ya Mabruda wa Upendo, inayotibu magonjwa ya akili. Kule Kinshasa, mtafiti Jean Ikanga na wenzake wametengeneza vipimo vya kumbukumbu vinavyowafaa Wakongomani, kwa sababu kipimo cha kigeni kinamhukumu mtu ambaye hakusoma. Vipimo hivyo vifike na huku kwetu.

Halafu yuko yule binti. Yeye ndiye anayelala karibu na mlango, aliyeacha biashara yake sokoni, anayelaumiwa na kaka zake walioko Kolwezi wanaotuma pesa pale wanapokumbuka. Ndugu hao wapange zamu kama wanavyopanga michango ya matanga. Na mashirika ya parokia, yanayotembelea wagonjwa kwa sala, yaache mtu mmoja pale kwa usiku mmoja kila juma, ili binti alale. Hilo linaweza kuanza Jumapili hii, bila bajeti ya mtu yeyote.