Mtoto Huyu Anangoja Nini Mpimba?

Mnabishana mtoto aliyeiba simu akae ndani miaka mingapi. Mitatu? Mitano? Nimechoka na ubishi huu. Hakimu hata hajamwona, nyinyi mnamhesabia miaka!

Nenda gereza la Mpimba, hapa Bujumbura, siku ya kupeleka chakula. Gereza lile lilijengwa kwa watu 800. Limewahi kubeba zaidi ya 4,000. Waulize akina mama waliotoka mitaa ya Buyenzi na Kinama: mwanao amehukumiwa nini? Bado. Kesi ni lini? Bado. Dosia iko wapi? Bado inatafutwa.

Bado, bado, bado. Mtoto anaota ndevu ndani ya hiyo bado.

Na sikia kichekesho kichungu. Mtoto akishahukumiwa, nchi hii ina vituo vya kumrekebisha, Rumonge na Ruyigi. Yule asiyehukumiwa, ambaye sheria bado inamwita hana hatia, mara nyingi ndiye anayelala na wakubwa. Mwenye kosa anafunzwa, anayengoja anaoza. Akili gani hii?

Watakuambia samaki mkunje angali mbichi. Haya. Uliona wapi samaki akikunjwa kwa kutupiwa papa?

Sheria tunazo. Tangu 2009 mtoto wa chini ya miaka 15 hashtakiwi. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unataka kifungo cha mtoto kiwe hatua ya mwisho, tena kwa muda mfupi kabisa. Lakini Machi 2019 wasichana watatu wa shule, huko Kirundo, walipelekwa gereza la Ngozi kwa kuchorachora juu ya picha ya rais wa wakati huo vitabuni. Dunia ikapiga kelele, wakatolewa.

Mtoto wa mtaa wa Buterere aliyekamatwa sokoni, nani atampigia kelele? Wewe? Wewe umelala. Ukiona mayibobo, watoto wa mitaani, wanapakiwa kwenye gari la polisi unasema afadhali, mji usafike.

Usafike! Watarudi, ndugu yangu. Watarudi wamehitimu, na mtihani wao wa kwanza utakuwa mlango wa nyumba yako.

Mimi nasema mwezi mmoja. Mwezi ukipita mtoto hajasimama mbele ya hakimu, afunguliwe aende kwao, kesi imfuate huko huko. Na wewe mzazi, acha kungoja kuitwa. Nenda kwa mwendesha mashtaka, uliza tarehe ya kesi. Wakikuambia bado, kesho rudi uulize tena.