Tarehe si sarafu

Novemba 1985 wakuu wa nchi sita za Ghuba walikutana Bustan, pembeni mwa Maskati, mji mkuu wa Oman, katika kasri lililojengwa kwa ajili ya mkutano huo. Kabla ya hapo Bustan ilikuwa kijiji cha wavuvi chini ya majabali, na kijiji kilihamishwa ili kasri lipate ufuo. Mkataba wa uchumi waliousaini mwaka 1981 ulikuwa umeshataja lengo la sarafu ya pamoja. Miezi miwili baada ya wageni kuondoka, Januari 1986, bei ya mafuta ikiwa inaporomoka, Oman ilishusha thamani ya riali yake kwa asilimia 10 hivi, peke yake. Dola iliyokuwa ikipatikana kwa baisa (vijisehemu vya riali) 345 na ushei ikawa baisa 384 na nusu. Bei hiyo haijaguswa mpaka leo.

Tunaikumbuka miezi hiyo miwili kila mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wanapotutajia mwaka mpya wa sarafu moja. Mwaka 1985 hakukuwa na uhaba wa nia njema Bustan. Kilichoamua ni mapato ya mafuta, bajeti, na akiba ya fedha za kigeni iliyokuwemo Benki Kuu. Riali ilifuata hesabu.

Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala, Novemba 2013, na nchi tano: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Wananchi waliahidiwa sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka 2024 umekuja na umepita, na sasa tunaambiwa 2031. Waungwana husema ahadi ni deni. Deni hili limesogezwa mbele miaka saba, na hatujamsikia waziri aliyesimama mbele ya bunge lake akaeleza kinagaubaga ni sharti gani nchi yake imeshindwa kulitimiza na kwa nini.

Masharti yenyewe si siri. Nakisi ya bajeti, pamoja na misaada, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Deni la taifa, kwa thamani yake ya sasa, lisizidi asilimia 50 ya pato. Akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Sasa tazama Kenya. Mwaka 2023 bunge lake lilibadili sheria ya fedha za umma na kuweka kikomo cha deni cha asilimia 55, kisha likaipa serikali miaka mitano ya kukifikia. Yaani taifa lenye uchumi mkubwa kuliko wote katika waliosaini limejiwekea sheria iliyo legevu kuliko itifaki liliyotia sahihi. Hilo halikuzua mjadala wowote Arusha, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosikika nje ya ukumbi, na kimya hicho kinatukera kuliko hata deni lenyewe.

Kuna utafiti ambao kila mjumbe wa vikao hivi angepaswa kuusoma kabla ya kupanda ndege. Graciela Kaminsky na Carmen Reinhart waliuchapisha mwaka 1999. Walichunguza nchi 20 tangu miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, wakahesabu mitikisiko 76 ya sarafu na 26 ya mabenki, kisha wakauliza ipi hutangulia. Waliona kwamba matatizo ya mabenki kwa kawaida huanza kwanza, sarafu ikafuata kuanguka, na kuanguka kwa sarafu kukarudi kuyaumiza mabenki zaidi. Mara nyingi mabenki yalikuwa yamefunguliwa milango kabla msimamizi hajajua kuyachunga: mikopo ikafurika, bei za nyumba na hisa zikapanda, watu wakadhani ni neema. Kwa maneno ya mtaani, ufa huonekana kwanza kwenye benki. Atakayengoja kuuona kwenye bei ya dola amechelewa.

Afrika Mashariki imeuona ufa huo kwa macho yake. Agosti 2015 Dubai Bank ya Kenya iliwekwa chini ya mrasimu, Oktoba ikafuata Imperial Bank, Aprili 2016 ikafuata Chase Bank. Benki tatu katika miezi minane. Bima ya amana wakati huo ilikuwa shilingi 100,000 kwa kila mweka amana. Ilipandishwa kuwa 500,000 mwaka 2020, baada ya watu kuumia. Mwenye duka aliyeweka mtaji wake wote katika benki moja alijifunza maana ya usimamizi wa mabenki bila kusoma ukurasa mmoja wa uchumi. Na huko Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mji ulipotekwa na waasi Januari 2025, mabenki yalifunga milango na watu wakabaki na akiba wasizoweza kuzigusa. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022, na mabenki yake yanahifadhi amana nyingi zaidi kwa dola kuliko kwa faranga yake yenyewe. Sudan Kusini ni mwanachama pia, na pauni yake imeporomoka mara kadhaa. Anayesema sarafu moja ifikapo 2031 atueleze kwanza ni nani atakayezisimamia benki za Goma, na kwa fedha ya nani zitaokolewa zikianguka.

Tuirudie Oman, maana iliyoyafanya baada ya kasri la Bustan ndiyo yanayotuhusu zaidi. Desemba 2001, mkutano wa Ghuba ukiwa tena Maskati, nchi sita zilikubaliana kuwa na sarafu moja ifikapo 2010. Mwaka 2006 Benki Kuu ya Oman ikatangaza hadharani kwamba nchi haitaingia kwa tarehe hiyo. Masharti ya bajeti yangeibana serikali wakati ikihitaji kutumia fedha kujenga uchumi usioegemea mafuta peke yake. Desemba 2008 viongozi walikusanyika kwa mara nyingine Maskati wakaupitisha mkataba wa umoja wa fedha, na mwenyeji wao hakuwemo. Mwaka uliofuata Falme za Kiarabu nazo zikajitoa, baada ya Riyadh kuchaguliwa kuwa makao ya benki kuu ya pamoja. Baraza la Fedha la Ghuba lipo Riyadh tangu 2010. Sarafu haipo.

Wapo waliosema wakati ule kwamba Oman iliwaangusha ndugu zake. Sisi tunasema ilitenda haki kwa waweka amana wake. Serikali iliyosema mapema kwamba haiko tayari ilibaki na mamlaka ya kujirekebisha. Mwaka 2020 bei ya mafuta ilipoanguka na ugonjwa ukafunga dunia, deni la Oman lilifika karibu asilimia 70 ya pato la taifa. Ikatunga mpango wa miaka mitano wa bajeti, ikapunguza matumizi, na Aprili 2021 ikaanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, jambo lisilozoeleka kwa raia wake. Kuanzia 2022 bei ya mafuta iliisaidia sana, na atakayeficha hilo atakuwa anadanganya. Lakini serikali ilitumia sehemu kubwa ya neema hiyo kulipa madeni, na ifikapo 2024 deni lilikuwa limeshuka hadi asilimia 35 hivi. Baisa 384 na nusu ilibaki pale pale.

Bei hiyo isiyobadilika ina gharama yake. Nchi iliyofunga sarafu yake kwa dola na kuacha mitaji iingie na kutoka imeikabidhi Marekani riba yake. Benki kuu ya Marekani ilipopandisha riba kuanzia 2022, Benki Kuu ya Oman ilifuata hatua kwa hatua mpaka asilimia 6 Julai 2023, kijana wa Maskati aliyekopa kujenga nyumba apende asipende. Mchumi Hélène Rey wa London aliwaonya magavana wa benki kuu mwaka 2013 kwamba hata wanaoiacha sarafu yao ielee hawaponi: mawimbi ya fedha za dunia huwafikia pale walipo. Wakenya walilihisi hilo Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160 huku hatifungani yao ya dola (Eurobond) ikikaribia kuiva. Kinachobaki mikononi mwa nchi ndogo ni bajeti yake na uchungaji wa mabenki yake. Umoja wa fedha ungeziondolea nchi zetu hata kile kidogo cha riba na bei ya sarafu ambacho bado zinacho. Zikiingia na bajeti zinazovuja na mabenki yasiyochungwa, hazitabaki na chochote cha kujitetea.

Tutaambiwa sarafu moja ilikuwepo na ilifanya kazi. Ni kweli. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, Zanzibar ikajiunga 1936 na kuiacha rupia yake, na shilingi ile moja ilipokelewa kutoka Kisumu hadi Mtwara. Lakini bodi ile haikuwa na serikali tatu za kuzikopesha. Shilingi yake ilitegemea zaidi akiba ya pauni iliyowekwa Uingereza. Mara nchi zilipojitawala na kila moja ikataka bajeti yake, shilingi ilivunjika, na mwaka 1966 kila nchi ilifungua benki kuu yake. Mfanyabiashara wa Namanga anayepoteza fedha kila anapobadilisha noti ana haki ya kuilalamikia hali hiyo. Hana wa kumlaumu isipokuwa serikali zilizomwahidi nafuu bila kufanya kazi ya kuileta.

Uamuzi wetu, basi, ni huu. Tarehe ya 2031 ifutwe. Isitangazwe nyingine mpaka angalau nchi tatu, idadi ambayo itifaki yenyewe inaitaka, ziyatimize masharti yote manne kwa miaka mitatu mfululizo, kwa hesabu zilizokaguliwa na kuchapishwa. Usimamizi wa pamoja wa mabenki na bima ya pamoja ya amana vitangulie noti, visisubiri noti. Kila waziri wa fedha apeleke bungeni kwake, kabla ya bajeti ijayo, jedwali la ukurasa mmoja: sharti, kikomo, nchi ilipo leo. Nchi ambayo haiko tayari itamke hivyo kwa jina lake na kwa sauti, kama Benki Kuu ya Oman ilivyotamka mwaka 2006, miaka kadhaa kabla ya siku yenyewe.