Foleni Huanzia Majini

Sheria ya uchaguzi inasema wazi kwamba vituo vya kura hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na kwamba aliyekwisha kuwamo katika mstari saa hiyo ya kufunga hanyimwi haki yake. Ni kanuni njema. Lakini tunauliza: mwananchi wa delta ya Rufiji aliyepwelewa na mtumbwi wake katikati ya mikoko, yeye yumo katika mstari au hayumo?

Wenyeji wa Msala, Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni hawahitaji kufundishwa habari za maji. Siku za bamvu bahari hujaa alfajiri, ikapwa asubuhi hata vijito vikabaki tope, kisha ikajaa tena alasiri, karibu na saa ile ile ya kufunga kituo. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 na ule wa tarehe 28 Oktoba 2020 yote miwili iliangukia siku za kuelekea mwezi mpevu. Mwezi haufichi ratiba yake. Hujulikana miaka mingi kabla. Hivyo wahusika hawana udhuru wa kusema kwamba maji yaliwashtukiza.

Wapo watakaosema kwamba kura chache za visiwani hazibadili kitu. Historia ya Rufiji yenyewe inawakanusha. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wananchi wa hapa walipewa jembe na nyumba wachague. Wakamnyima kiti Bibi Titi Mohamed, Waziri Mdogo na jabari wa kupigania Uhuru. Si kazi yetu leo kuhukumu kama walikosea au walipatia. La maana ni kwamba mstari wa wakulima na wavuvi ulisema, na nchi nzima ikasikia.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti: kabla ya mwaka 2030, vituo vipangwe kwa kufuata mikondo ya maji, si kwa kupima umbali juu ya ramani. Msimamizi na masanduku yake walale kisiwani usiku wa kuamkia kura. Mzee, mja mzito na mlemavu, ambao wakifika kituoni hupewa nafasi ya mbele, watafutiwe kwanza chombo cha kuwafikisha.

Nanyi wananchi wa visiwani, msingoje siku yenyewe ndipo mnung'unike. Jiandikisheni mapema, na mwambieni mtendaji wa kijiji maji yatajaa saa ngapi, maana yeye huenda ni mgeni na ninyi ndio wenye bahari.

Maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa tena. Kura iliyopotea hairudi ila baada ya miaka 5.