Japani isirudie kupanda mcheri mmoja nchi nzima

Kila mwaka ifikapo Machi, maofisa wa Idara ya Hali ya Hewa ya Japani huenda kwenye mti mmoja ulioko katika hekalu la Yasukuni, jijini Tokyo, wakahesabu maua. Wakikuta matano au sita yamechanua, hutangaza mbele ya kamera kwamba msimu wa maua ya mcheri umefika jijini. Wenye hoteli, wauza vyakula na familia zinazotaka kutandika mikeka bustanini husubiri tangazo hilo kwa hamu. Mwaka 2020, 2021 na 2023 lilitoka tarehe 14 Machi, mapema kuliko mwaka mwingine wowote tangu vipimo hivyo vianze.

Mti mmoja unasemeaje jiji zima? Unaweza, kwa kuwa micheri mingi ya mijini ni ya aina moja, Somei-yoshino, na kila Somei-yoshino ni nakala ya mwenzake. Sasa miti hiyo inazeeka, na halmashauri za miji ya Japani zinachagua ya kuziba mapengo. Zikichagua nakala nyingine moja na kuijaza kila mahali, zitakuwa zimebadilisha jina la mti na kuliacha tatizo lilipokuwa.

Somei-yoshino ilitoka kwa wenye vitalu wa kijiji cha Somei, ambacho leo ni sehemu ya Tokyo, katika karne ya 19. Ni chotara wa micheri ya porini: upande mmoja edohigan, upande wa pili mcheri wa Oshima. Hukua haraka, hutoa maua ungali mchanga, tena maua hutangulia majani, hivyo mti mzima hugeuka wingu la waridi hafifu. Kwa sifa hizo ulipandwa shuleni, kando ya mito na kwenye ngome za zamani, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukasambazwa kwa kasi zaidi.

Lakini chavua ya Somei-yoshino haiwezi kutungisha mbegu kwenye Somei-yoshino mwenzake. Njia ya kuupata mwingine ni kubebesha: mtaalamu hukata kikonyo chenye macho machache, hukichonga ncha, hukipachika kwenye shina la mcheri mwingine ili ganda la ndani ligusane na ganda la ndani, kisha hufunga kwa utepe. Ndiyo kazi ileile wanayoifanya wenye vitalu vya michungwa kule Muheza. Miti ya namna hiyo ni mti uleule uliogawanywa, na ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote.

Ugonjwa wenyewe upo. Kuvu aitwaye Taphrina wiesneri huingia kwenye tawi, na mahali pamoja huchomoza vijitawi vingi vilivyosongamana kama ufagio uliopachikwa juu ya mti. Wakati matawi mengine yamejaa maua, ufagio huo hutoa majani matupu. Dawa yake ni kuukata wakati wa baridi, kuuchoma moto na kuliziba jeraha. Juu ya hayo kuna mbawakawa mweusi mwenye shingo nyekundu, aliyegunduliwa katika mkoa wa Aichi mwaka 2012, ambaye mabuu yake hula shina kwa ndani na kuacha lundo la ungaunga chini ya mti.

Shirika la Nihon Hana no Kai, lililogawa miche ya micheri kwa miaka mingi, limeacha kutoa Somei-yoshino kwa sababu ya ugonjwa huo wa ufagio. Mbadala linaoupendekeza ni Jindai-akebono, mcheri mdogo kidogo kwa umbo, wenye maua ya waridi iliyokolea zaidi, uliopatikana katika bustani ya mimea ya Jindai, magharibi mwa Tokyo. Huchanua siku chache kabla ya Somei-yoshino na huhimili ule ugonjwa. Udogo wake ni faida mtaani, kwani mizizi ya micheri mikubwa huinua lami na matawi yake hugusa nyaya za umeme.

Hakuna ubaya wowote kuupanda. Tatizo ni kuupanda peke yake, kwa kuwa Jindai-akebono nao huzalishwa kwa kubebesha. Umeshinda kuvu mmoja, lakini hilo haliuhakikishii ushindi dhidi ya adui ajaye.

Wapo watakaosema kwamba matunzo yanatosha, na mfano wao una nguvu. Katika bustani ya Hirosaki, mkoani Aomori, kuna Somei-yoshino zilizopandwa mwaka 1882 ambazo bado zinatoa maua kwa wingi, ilhali wengi huamini aina hiyo huishi miaka 60 tu. Aomori ni mkoa wa matufaha, na watunzaji wa bustani waliazima ukataji wa matawi wa wakulima wa matufaha, wakati Wajapani wengi waliamini kwamba kukata mcheri ni upumbavu. Hata hivyo Hirosaki ina mafundi wake wa kudumu wa micheri. Shule ya kijijini yenye miti 30 na mtunza bustani mmoja haina uwezo huo.

Historia nayo ina la kusema. Mwaka 1926 Mwingereza Collingwood Ingram alifika Japani kutafuta micheri, akawaonya wenyeji kwamba aina zao za kale zinatoweka. Huko alionyeshwa mchoro wa mcheri wenye maua makubwa meupe, uliodhaniwa umekwisha kabisa nchini. Aliutambua: alikuwa nao kwake Kent, kutokana na vikonyo vya mti uliokuwa ukifa katika bustani moja ya Sussex. Vikonyo vya kwanza alivyovituma Japani vilikufa njiani. Mwaka 1932 vilifika vikiwa hai, vimechomekwa kwenye viazi ili visikauke, vikipita Siberia kwa treni. Mti huo, Taihaku, umerudi kwao kwa bahati ya bustani moja ya kigeni.

Kinga dhidi ya kutegemea nakala moja ni mbegu. Jamaa wa mcheri anayeishi milima ya Afrika Mashariki, muiri wa Wakikuyu ambao kwa kitaalamu huitwa Prunus africana, huota msituni kwa mbegu zinazosambazwa na ndege na nyani, na kila mche una urithi wake. Japani pia ina yamazakura na edohigan za porini zinazoweza kuoteshwa kwa mbegu. Mbali na hizo, hifadhi ya Tama iliyoko Hachioji inatunza mamia ya aina za micheri, nyingine zikichanua wiki kadhaa baada ya Somei-yoshino.

Halmashauri zinaweza kuweka kanuni nyepesi: kila micheri inapong'olewa mtaani, aina moja isizidi sehemu fulani ya miche mipya, na baadhi itokane na mbegu. Tangazo la Yasukuni litapoteza uzito kiasi, maana miti haitachanua kwa pamoja. Mfanyabiashara mwenye kibanda kando ya mto, ambaye leo hutegemea siku kama kumi za msimu, atapata zaidi ya mwezi.